Nitakungoja Gofuni

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Sikukuu ya taifa zima, isipokuwa mimi. Nimefungua duka. Hapa Maganzo wachimbaji hawajui sikukuu, na mwenye kuuza makoleo na machekeche hana budi kuwafuata. Asubuhi nimeuza jozi moja ya mabuti ya mpira. Baadaye nikagundua yote mawili yalikuwa ya kushoto. Mteja hajarudi. Huenda hajagundua.

Kisha akaingia mwanamke, anataka chekeche pana la kuchujia mchele. Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba machekeche haya ni ya mchanga wa almasi, si ya jikoni. Akasema anajua, yeye mwenyewe ni mtoto wa Maganzo.

Nikainua kichwa. Chausiku!

Amenenepa kidogo na imempendeza. Sauti ileile. Sasa watu wanamwita Mama Amira, na huyo Amira mwenyewe ameshaolewa. Mume wa Chausiku, yule mnunuzi wa dhahabu wa Geita, alifariki mwaka juzi. Nilimpa pole. Nilijitahidi uso wangu uonekane umesikitika.

Sasa anapika kwenye shughuli kubwa, harusi na mikutano, na ameitwa kupikia mashindano ya gofu Jumamosi, pale hoteli ya mapumziko upande wa Songwa, kwenye ule uwanja wa mashimo tisa unaoruhusu mtu yeyote kuingia. Yuko pale wiki nzima anaandaa jiko. Jumatatu ijayo anapanda basi kurudi Geita.

Nilikuwa na neno moja la kumwambia. Ninalo tangu ujana. Nikafungua mdomo, na badala yake nikasikia mdomo huohuo ukisema kwamba hata mimi ni mchezaji gofu. Kwamba nipo pale karibu kila siku!

Akanitazama. Akasema vizuri, basi tutaonana. Akaondoka na chekeche lake kichwani.

Sijawahi kushika fimbo yoyote, hata ya kuchungia mbuzi.

Jioni nimekaa nikiwaza. Zamani tulikuwa tukikutana kwenye lile gofu la ghala la pamba, njia ya Mhunze. Paa lilishaanguka, umebaki ukuta mmoja na kizingiti cha mlango. Chausiku alikuwa akileta karanga za kuchemsha ndani ya leso, tunagawana, maganda tunayatupa ndani ambako zamani yalilala marobota. Wala hatukuwa na mengi ya kusema. Ningemwoa. Ila nilitaka kwanza nipate jiwe, almasi ya maana, niende kwao kichwa juu. Nikachekecha mchanga msimu mzima. Siku naanza kuona dalili, mtu wa Geita akafika na posa. Bahati mbaya tu.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda Songwa. Nimerudishwa mlangoni.

Msimamizi wa uwanja anaitwa Eustace, kijana mwenye adabu ya kuudhi. Aliniambia, shikamoo mzee, gofu haichezwi kwa fulana wala kwa mabuti ya mpira. Shati liwe na kola. Nikarudi nyumbani. Shati langu la pekee lenye kola ni lile la harusi ya dada yangu Vumilia, lina marinda kifuani. Vumilia alicheka mpaka akakaa chini. Nikamkumbusha kwamba anaishi kwangu. Akanikumbusha kwamba ndiye anayepika.

Nikarudi na marinda yangu. Nani yuko kwenye shimo la kwanza? Liaquat! Liaquat wa duka la saruji ng'ambo ya barabara, ambaye nimesoma naye darasa moja na ambaye tangu wakati huo hajawahi kunikosea jambo lolote ninaloweza kulitaja. Hilo ndilo linaloudhi. Suruali nyeupe. Kofia. Glavu nyeupe mkono mmoja tu. Nikamwuliza kwa upole kama ile nyingine imepotea, nimsaidie kutafuta. Akasema gofu huvaliwa glavu moja. Watu wakacheka. Chausiku alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko wake. Sikuona kama naye alicheka.

Liaquat akaniazima fimbo. Kwa nini? Mtu haazimi hivihivi. Ana mke, Tahera, mwanamke mwenye akili na macho makali, lakini mwanamume mwenye glavu ni wa kuangaliwa.

Nikapiga. Mpira ulibaki pale pale. Kipande cha ardhi kikaondoka.

Jumatano, 9 Julai

Mwili wote unauma, hasa sehemu ambazo sikujua kuwa zinahusika.

Leo nimeelewa uwanja ulivyo. Maji ya kumwagilia hayatoshi huku kwetu, kwa hiyo kuzunguka kila shimo hakuna majani. Kuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiubebe. Kazi ya Bernadina, mama wa makamo kutoka Mhunze, ni kuupiga reki mpaka ulainike. Mpira ukifika kwenye duara unausukuma polepole uingie shimoni. Ndiyo gofu yote. Safari ndefu ya kutoka majanini kuja mchangani.

Na hapo ndipo nilipoaibika. Mtu wa Maganzo akiona mchanga umelowa, umelainika, umetandazwa mbele yake, macho yake hayatii tena amri. Nilikuwa nimeinama kusukuma mpira, Liaquat na mwenzake wakiningoja. Kitu kikang'aa! Nilijikuta nimepiga magoti, naupepeta mchanga kwa viganja, nimesahau mpira, nimesahau watu, nimelamba kidole. Kilikuwa kipande cha chupa ya soda. Nilipoinua macho, niliona marinda yangu yote yamejaa oili.

Ila nikaona na jambo lingine. Liaquat naye alikuwa ameinama. Na yule mwenzake. Eustace, ambaye kwao ni Bukoba, alituangalia wote watatu kama watu wenye ugonjwa mmoja.

Chausiku alipita na beseni la vitunguu. Aliniuliza nimepata nini. Nikasema sijapata bado. Akasema, "Bado," kisha akaenda zake. Nimekuwa nikilifikiria neno hilo tangu saa ile. Angeweza kusema pole. Alisema bado.

Alhamisi, 10 Julai

Mpango! Tena mpango safi.

Mshindi wa Jumamosi atakabidhiwa zawadi mbele ya watu wote, na atakayeikabidhi ni mpishi mkuu, kwa sababu zawadi yenyewe ni sinia la pilau na kuku mzima. Yaani Chausiku. Yaani nitasimama mbele yake, ameshika sinia, hawezi kuondoka, na watu wote wamenyamaza. Hapo ndipo nitasema lile neno.

Kinachobaki ni kushinda tu.

Nimejiandikisha. Kisha nikaenda alfajiri na chekeche langu lenye matundu madogo kuliko yote dukani. Nikauchekecha mchanga wa shimo la tatu. Nikautandaza upya na kuacha mfereji mwembamba ndani yake, kama ule tunaochimba wa kuelekezea maji kwenye shimo la kuoshea kokoto. Kwa macho huuoni. Mpira ukiingia mahali fulani upande wa kushoto, utajipeleka wenyewe mpaka shimoni. Nimejaribu mara nyingi. Haukosi.

Bernadina akanikuta. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, ili kumlainisha. Akaitikia, akaangalia chekeche, akaangalia mchanga. Akasema kama natafuta almasi humo nisahau, ameshatafuta yeye.

Mtu mwenye roho nzuri. Ameniachia.

Ijumaa, 11 Julai

Sala ya Ijumaa, kisha mazoezi nyuma ya duka kwa kutumia mpini wa koleo na limau. Limau moja limevunja kioo cha jirani. Nimemwambia ni watoto. Akaniuliza watoto gani wanavaa marinda.

Nimejaribu kuliandaa neno langu. Limekuwa refu. Nimelifupisha. Limebaki fupi mno. Mwisho nimeona bora liwe hivi: Chausiku, nilitaka kwanza nipate jiwe. Sijalipata. Basi nimekuja hivi hivi.

Nikalisoma kwa sauti, nikakohoa katikati. Vumilia akauliza kutoka jikoni kama nimepaliwa.

Jumamosi, 12 Julai

Sijui nianzie wapi.

Shimo la kwanza, sitaki kulizungumzia. La pili, mpira ulikwenda vizuri, ila kuelekea la saba. La tatu ndilo langu. Liaquat alitangulia kupiga. Mpira wake ukapaa, ukaangukia kushoto kwa duara, ukatulia. Nikajua kabla ya wengine. Ukaanza kutembea. Polepole, kwa adabu zote, ukafuata mfereji wangu kila mahali nilipoukunja, ukazunguka pale nilipouzungusha, ukaingia.

Mkwaju mmoja! Watu wakapiga vigelegele. Tahera, mkewe, alimkumbatia mbele za watu. Eustace alisema kitu kama hicho hakijawahi kutokea uwanjani hapo. Liaquat mwenyewe alinishika mkono, machozi yanamlengalenga, akasema ni siku kubwa maishani mwake na amefurahi rafiki yake wa shule nipo kuiona. Nilimwambia hongera. Lilitoka kama kikohozi.

Kwa hasira nikapiga wangu kwa nguvu zote. Haukuonekana tena. Bernadina akasema, "Mzee, mpila umeenda jikoni."

Nikaenda jikoni. Chekeche lile nililomwuzia lilikuwa juani juu ya stuli mbili, mchele umetandazwa juu yake ukivuja maji. Mpira ulikuwa katikati ya mchele. Chausiku alikuwa peke yake, mikono ina harufu ya iliki. Aliutoa, akaufuta kwa pindo la khanga, taratibu, pande zote, kama kwamba mpira una pande. Akaniwekea kiganjani.

"Akida," akasema, "wewe hujabadilika."

Vidole vyake vilibaki kwenye kiganja changu kidogo. Kidogo tu, lakini vilibaki. Ndipo pa kusema. Kila kitu kilikuwa tayari, hata koo. Nikafikiri: hapana, si na shati hili, si mimi wa mwisho kwenye mashindano, kwanza nimalize hata mashimo yaliyobaki kwa heshima. Nikamshukuru kwa mpira na kukimbia.

Nimekuwa wa mwisho. Sinia amechukua Liaquat. Akaniletea paja la kuku.

Jioni. Nilikuwa nimeshalala na nguo zangu, Vumilia akarudi kutoka kumsaidia Chausiku kuosha masufuria. Akanipa ujumbe, neno kwa neno, maana nilimlazimisha aurudie: "Mwambie Akida kesho saa kumi nitamngoja gofuni. Palepale. Asichelewe, nina neno naye."

Gofuni! Palepale! Yaani pale alipoushika mkono wangu. Ana neno! Na yeye ana neno!

Sitalala.

Jumapili, 13 Julai

Niliazima suruali nyeupe ya Liaquat. Imenibana kiunoni na kuburuza miguuni, lakini nyeupe ni nyeupe. Nilifika uwanjani kabla ya saa tisa.

Hapakuwa na mtu. Mashindano yameisha, mahema yamekunjwa, jiko limefungwa. Nilikaa kwenye benchi karibu na mlango wa jiko. Saa kumi ikafika. Chausiku hakufika. Nikajiambia wanawake wana mambo mengi. Kila vumbi lililoinuka barabarani nilisimama, nikavuta suruali, nikakaa.

Bernadina alikuwa akipiga reki. Mara mbili alinisalimia kwa Kisukuma, mwadila, kana kwamba tumeonana upya. Mara ya tatu akaniuliza namngoja nani. Nikasema simngoji mtu, nimekuja kucheza. Basi ikabidi nicheze, ili nisionekane nangoja.

Na hili lazima niliandike. Nilicheza vizuri. Sijui ilitoka wapi. Mpira ulipaa nilikoutuma. Shimo la tatu, Bernadina alishaufukia mfereji wangu, na bado niliingiza. La tano lilinichekea. La tisa, jua limeshakuwa jekundu upande wa mgodi, niliusukuma kutoka mbali, ukaja, ukaja, ukaingia na ule mlio mdogo wa kutua ndani. Nikageuka nione nani ameona.

Hakuna. Hata Bernadina alishaenda kuhifadhi reki.

Nilimtamani sana pale. Nasema hivyo hivyo. Si tu awe mke wangu. Nilimtamani awe amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko, aseme neno lolote, hata bado.

Adhana ya magharibi ikasikika kutoka Songwa. Nikarudi. Njiani nikaelewa yote: ameghairi. Amefikiri usiku, amekumbuka nafasi niliyoshika kwenye mashindano. Au kuna mtu mwenye glavu amemwambia kitu.

Jumatatu, 14 Julai

Vumilia alimsindikiza Chausiku kituoni asubuhi. Aliporudi hakuvua viatu. Akasimama mlangoni mwa duka akiniangalia, na dada yangu si mtu wa kuangalia bila kusema.

Akaniuliza jana nilikuwa wapi. Nikasema gofuni, wapi pengine. Nikauliza Chausiku mwenyewe alikuwa wapi.

Akasema Chausiku alikaa kwenye ukuta wa lile ghala la pamba, njia ya Mhunze, tangu kabla ya saa kumi mpaka adhana. Aliuliza kama nina homa. Vumilia akamwambia nilitoka nimevaa suruali nyeupe. Chausiku alicheka, kisha basi likaja.

Gofuni. Palepale.

Mteja alikuwa anataka sururu. Nilimwachia achague mwenyewe, nikafunga mlango yeye akiwa bado ndani. Vumilia alimtoa baadaye.

Nilikwenda kwa miguu. Ukuta bado upo. Ndani umeota mwarobaini ambao haukuwepo enzi zetu. Kwenye kizingiti, upande wake, palikuwa na rundo dogo la maganda ya karanga. Upande wangu palikuwa na leso imefungwa. Niliifungua. Karanga za kuchemsha, nusu. Hakuzigusa. Alikula fungu lake tu, na langu akaliacha palepale ninapokaaga.

Nikakaa. Nikazila zote. Zilikuwa zimelala, zina utelezi kidogo, na sijala kitu kitamu kama hicho tangu nimekuwa mtu mzima. Maganda nikayatupa ndani, kama desturi. Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Kosa ni la nani? La lugha. Watu wenye akili wangeupa mchezo huu jina lake.

Jumatano, 16 Julai

Amepiga simu! Kwa Vumilia, lakini akaomba nipewe.

Nilimwambia juu ya leso. Nilimwambia nilikaa gofuni, lile lingine, mpaka giza. Yeye akasema:

"Akida, mimi sitaki mchezo wala jiwe. Basi la Geita lipo kila asubuhi. Panda uje."

Nikasema nakuja. Nilisema bila kigugumizi! Akauliza lini. Nikasema kesho. Akasema atapika.

Nimepanga nguo. Nimefua leso, imekauka, nimeikunja juu kabisa ya begi. Vumilia ameshanikatia tiketi na amesema atalifungua duka yeye. Nimemwamsha jirani kumwomba radhi ya kioo, kwa furaha tu.

Ila nimekaa nikafikiri vizuri. Chausiku alinikuta nimekuwa wa mwisho. Picha aliyoondoka nayo ni ile, marinda na oili. Mtu hawezi kuingia Geita kwa mwanamke wa namna ile akiwa na picha hiyo mgongoni. Na Jumapili nimeona kwa macho yangu ninachoweza! Liaquat anauza fimbo zake za zamani, pamoja na begi, na amesema glavu atanipa bure. Mwezi ujao kuna mashindano mengine. Nikishika hata nafasi ya tatu, nitapanda basi na kikombe mkononi, kichwa juu, na neno langu lote.

Nimemwambia Vumilia arudishe tiketi. Amechukua leso kutoka kwenye begi langu, akaishika, akairudisha.

Nitakwenda. Kwanza nilinyooshe tu lile shimo la pili. Haraka ya nini? Mwenyewe amesema, basi lipo kila asubuhi.